Picha ya mume aliye hai: kisa cha mwigizaji wa Lubumbashi kutoka jukwaani hadi kwenye kamera

Asubuhi ya siku ya nne ya kupiga filamu, baridi ya Julai ikiwa bado imeshika mabati, shemeji wa mwigizaji wetu mkuu aliingia uani akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakusalimia mtu. Alimkabidhi msimamizi wa kazi, akageuka, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya lami. Ndani mlikuwa na mistari mitatu ya Kifaransa, kwa mwandiko mzuri wa watu waliosomeshwa na mapadri: mume anaondoa ruhusa aliyompa mke wake ya kuigiza, kuanzia leo. Chini kulikuwa na sahihi ileile iliyokuwa kwenye mkataba.

Ilikuwa mwaka 2012. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha maigizo ambacho mama huyo alikitumikia kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni mimi niliyepeleka mkataba nyumbani kwake ukatiwe sahihi. Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake na ya mume wake. Vikundi vya Goma na Bukavu, mashariki mwa nchi yetu ya Kongo, huniuliza namna ya kumtoa mwigizaji jukwaani na kumpeleka kwenye kamera, na kila ninapoanza kujibu najikuta nimerudi kwenye karatasi ile.

Jina lake siliandiki. Kwenye kikundi tulimwita Yaya. Kwa wasomaji wa pwani niseme mapema kwamba hapa kwetu yaya si mlezi wa watoto. Ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume, unayemwita hivyo kwa heshima.

Yaya alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, miaka michache baada ya mji wetu kuacha jina la Élisabethville mwaka 1966. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, chini ya lile bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya madini ambavyo kila mtoto wa Lubumbashi huvichora kabla hajajua kuchora nyumba. Aliigiza shuleni kwa masista, kama wengi. Kilichomtofautisha ni masikio. Kambini watu waliishi ukuta kwa ukuta, na kilio cha jirani, yaani msiba kama tunavyouita, kilikuwa kilio cha mtaa mzima. Alikuwa akikaa na wanawake kwenye mkeka, anasikiliza jinsi kila mmoja anavyolia: nani anaanza kwa jina la marehemu, nani anaanza kwa kijiji alikotoka, nani anamdai marehemu deni lake hapohapo mbele ya jeneza. Baadaye aliniambia kwamba yote aliyoyajua kuhusu uigizaji aliyapata pale, na shule ya masista ilimfundisha kusimama wima tu.

Alikua wakati mchezo wa Kiswahili wa Lubumbashi ulikuwa kileleni. Kikundi cha Mufwankolo kilisikika redioni na kuonekana kwenye televisheni, na watu waliacha bukari, yaani ugali, ikapoa mezani ili wasikose. Kikundi kile hakikuandika maneno. Walikubaliana kisa, wakapanga nani anaingia lini na anataka nini, kisha maneno yakazaliwa mbele ya watu. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia jinsi walivyoujenga mchezo mzima kutokana na methali moja kuhusu mamlaka, tangu mazungumzo ya kwanza hadi siku ya kuurekodi. Vikundi vidogo kama chetu viliiga utaratibu huo, na Yaya aliumudu kuliko sisi wote. Ukimpa hali, anakupa maneno. Mpe mke aliyekuta mume ameuza cherehani, atakushika dakika ishirini bila kurudia sentensi.

Tulipoanza kuonekana kwenye televisheni ya hapa, alicheza mke mkali kwa misimu mitatu. Sokoni Kenya (nasema Kenya ile komini yetu, yaani sehemu ya mji wa Lubumbashi, si nchi) kuna mama wa mboga za lenga-lenga aliyekataa kumuuzia kwa sababu ya jinsi alivyomtendea mkwe wake kwenye mchezo wa Jumapili. Yaya alilipeleka jambo lile kwenye kikundi kama taarifa ya kazi: watu hawatenganishi. Tulicheka. Laiti tungeandika.

Mume wake alikuwa mtu wa Gécamines pia, na hapo ndipo panapotaka uangalifu. Mwaka 2003 kampuni ile iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Hiari ile kila mtu hapa anajua ilikuwa ya namna gani: walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, wakapewa fedha kwa mkupuo, wakarudi nyumbani. Mume wa Yaya alikuwa mkuu wa timu. Baada ya 2003 alikuwa mwanamume wa makamo anayelima mahindi nje ya mji na kusubiri. Nyumba ikaendeshwa na biashara ndogo ya unga, na kwa kiasi fulani na uigizaji wa mke. Hakuwahi kumzuia hata siku moja. Alikuja kwenye maonyesho, akakaa mstari wa pili, akapiga makofi kwa mikono miwili iliyozoea vyuma.

Mwaka 2012 watu wa filamu walikuja kutoka nje. Mwezi wa Februari wa mwaka ule, msichana wa Kinshasa, Rachel Mwanza, aliyekuwa ameishi mitaani, alipata tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin kwa filamu yake ya kwanza kubwa. Habari ile ilitufikia sote. Kila mtengenezaji wa filamu aliyeshuka uwanja wetu wa ndege alitaka sura ambayo haijawahi kuonekana, na kila kikundi kiliamini zamu yake imefika. Nasi tuliamini. Nakiri kwamba imani ile ilinifanya niharakishe mambo.

Nafasi aliyopewa Yaya ilikuwa ya mjane. Mume wake kwenye hadithi ni mchimbaji wa mikono aliyefukiwa na shimo, na filamu inaanza kwenye kilio. Siku nane za kazi, malipo kwa awamu tatu.

Mkataba ulikuwa na ukurasa wa nyongeza ambao wageni hawakuuelewa mpaka nilipowaeleza. Kanuni yetu ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Uigizaji ni kazi ya namna hiyo hasa. Huwezi kumtuma mtu akalie kwa niaba yako. Mume aliweza kutoa ruhusa ya jumla, lakini alibaki na haki ya kuifuta. Akikataa, mke aliweza kumwomba hakimu wa mahakama ya amani ampe ruhusa badala yake.

Nilikwenda kwa mume jioni moja. Tulikaa chini ya picha yake mwenyewe iliyotundikwa juu ya televisheni: picha ya studio, ya mwaka 1989, koti na tai, ameshika kofia ngumu ya kazi kwapani, siku alipopandishwa kuwa mkuu wa timu. Nilimweleza siku, saa, fedha, gari la kumrudisha nyumbani, na kwamba hakuna kitanda wala busu. Aliuliza mchezo unahusu nini. Nikajibu: "Ni mama wa familia anayepigania watoto wake." Lilikuwa jibu la kweli. Neno mjane halikunitoka mdomoni, kwa kuwa kwangu mimi halikuwa na uzito wowote. Yaya alikuwa amecheza mjane mara zisizohesabika. Alitoa kalamu mfuko wa shati akasaini.

Siku ya pili jioni, kijana wa vifaa alikuwa anaandaa meza ya kilio: kitambaa cheupe, mshumaa, picha ya marehemu. Mtu aliyepaswa kupigwa picha ile alikuwa amekwenda Likasi na simu yake haipatikani. Mwongozaji alitaka picha ya zamani, yenye rangi iliyofifia, isiyonuka studio mpya. Yaya akasema anayo moja nyumbani.

Siku ya tatu aliileta ikiwa imefungwa kwenye kikwembe, yaani kitenge. Mimi niliiona ikifunguliwa. Nilimtambua mtu aliyemo. Nikasaidia kuisimamisha mezani.

Nimemuuliza Yaya swali hili mara mbili, mwaka ule na nilipoanza kuandika: kwa nini? Alijibu kwa lugha ya kazi, na jibu lake ndilo lililonifanya nione kwamba kisa hiki ni cha waigizaji wote. Jukwaani, alisema, ukimlilia marehemu unamlilia mtu aliyelala pale, mwenzako, unasikia pumzi yake, wakati mwingine unaona kope zinatikisika. Kilio chako kina mahali pa kutua. Hapa walimpa meza tupu, wakabandika kipande cha karatasi ya rangi pembeni ya kamera na kumwambia atazame pale. Akatafuta mtu wa kumlilia. Akamchukua yule aliyempenda.

Kilichotokea mbele ya kamera sitakisahau. Alianza kwa sauti ndogo sana, ndogo kuliko yoyote niliyowahi kumsikia nayo jukwaani ambako alizoea kuwafikia hata waliokaa ukutani. Alimwita marehemu kwa jina la utani la ujana. Alimdai shati aliloahidi kumnunulia mtoto. Akanyamaza, akapangusa kioo cha picha kwa ncha ya kikwembe kana kwamba kuna vumbi. Kijana wa maikrofoni alikuwa anatoa machozi. Walipiga mara moja tu, mwongozaji akasema yatosha. Kwa macho yangu, ndilo lililokuwa igizo bora kabisa la maisha yake.

Kwenye mkeka walikaa wanawake karibu arobaini wa mtaa ule, walioajiriwa kama waombolezaji. Mmoja wao anasali kanisa moja na dada wa mume. Mwingine alipiga picha ya meza kwa simu.

Usiku ule simu zilianza. Kutoka Katuba, komini nyingine ya mji wetu, walipiga kuuliza ni ugonjwa gani. Kutoka Likasi wakauliza mwili umelazwa hospitali ipi. Binamu mmoja huko Kolwezi alikuwa ameanza kuchangisha nauli. Mume alikuwa anakula wakati mdogo wake alipoingia mbio bila kubisha, akasimama mlangoni anamtazama tu, ameshika mdomo. Hapo ndipo alipojua kwamba amekufa, na hapo ndipo aliponyanyua macho juu ya televisheni akaona msumari mtupu.

Sisi kazini hatukujua lolote kati ya hayo. Tulipopokea karatasi, neno la kwanza lililotamkwa lilikuwa wivu. Lilisemwa na wageni, likasemwa na watu wetu, na mimi nililitikia kwa kichwa. Ndilo maelezo yaliyo karibu zaidi kila mwanamke anapotolewa kwenye kazi ya sanaa: mume ana wivu, mume hajaendelea. Kwa nusu siku nzima tulifanya kazi juu ya neno hilo, na kwa kuwa lilikuwa neno la uongo, kila tulichopanga kilikuwa kibaya. Msimamizi alitaka kumtafuta mwanamke mwingine na kurudia siku tatu. Mwingine alitaka twende mahakama ya amani, maana sheria ilitoa mlango huo. Yaya, aliyekuja mchana macho yamevimba, alisikiliza wazo la mahakama mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hakimu atanipa ruhusa ya kuigiza. Atanipa na nyumba ya kulala?"

Ni yeye aliyetueleza kuhusu simu za usiku. Nilihisi tumbo limekuwa jiwe. Niliivua picha mezani mwenyewe, nikauzima ule mshumaa, na sikumruhusu mtu mwingine aiguse.

Jioni nilikwenda Katuba, kwa baba mdogo wa mume, pamoja na mzee wa kikundi chetu ambaye aliigiza tangu kabla sijazaliwa. Kwa desturi, mwenye kosa hasemi, anasemewa. Nilikaa chini na picha mapajani, imefunikwa. Mume alikaa pembeni, amevaa sweta, hakutazama upande wangu. Kwa saa nzima walizungumza shangazi.

Nayaeleza maneno yao kama walivyoyasema, kwa maana nimesikia wasomi wakiyapunguza. Mwanamke akiketi kwenye mkeka wa ujane, kivuli cha marehemu kinakaa juu yake. Ndiyo sababu familia huwa na kazi ya kumwondolea, kazi ambayo Wabemba na majirani zao huiita kupyana, na kabla ya hapo haruhusiwi kuanza maisha ya kawaida. Sasa huyu amekaa mkekani, mshumaa umewaka, picha iko pale, wanawake arobaini wamelia na jina limetajwa. Kisha amepanda gari, amerudi nyumbani, amepika, amelala kitandani kando ya mtu yuleyule aliyemlilia. Ni nani aliyemwondolea? Shangazi mkubwa hakuwa na hasira. Aliogopa, kwa ajili ya mtoto wa kaka yake na kwa ajili ya Yaya pia.

Mume alizungumza mwisho, na kwa ufupi, kwa Kiswahili chetu ambacho kumtosha mtu ni kumwondoa. "Ile foto ni ya kazi," alisema. "Gécamines walinitosha, sikulia. Nanyi sasa munanitia ku kilio na tai yangu, na miye niko muzima."

Ikawa kimya. Nilifahamu wakati ule tu kwamba sikuwa nimebeba picha ya mtu. Nilikuwa nimebeba miaka kumi na minne ya mtu, tangu 1989 hadi 2003, iliyokuwa imebaki katika fremu moja, na tulikuwa tumeiwekea mshumaa mbele ya mtaa.

Ndipo mzee wetu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Aliwauliza wale shangazi: je, hamkuja kwenye michezo yetu? Walikuja. Hamkuona tukiua watu pale mbele? Waliona. Yeye mwenyewe ameshakufa jukwaani mara ngapi, na mke wake halisi amekaa ukumbini? Mbona hamkutuletea karatasi? Baba mdogo alianza kutabasamu kabla mzee hajamaliza. "Kwa sababu mnatuona tunaamka," mzee akasema. "Mchezo ukiisha, maiti anasimama, anashikana mkono na mjane wake, wanainama mbele yenu, mnapiga makofi. Watoto wakiogopa wanakuja kutushika. Filamu haina hilo. Hawa watoto wetu wamemlaza mtu na hawakumwamsha."

Nimesoma kiasi changu kuhusu tofauti ya jukwaa na kamera. Wanazungumzia sauti, ukubwa wa ishara, mahali pa kutazama, kurudia kipande kimoja mara kumi. Sijakuta popote palipoandikwa kile alichokisema mzee yule kwenye kiti cha plastiki huko Katuba. Salamu ya mwisho wa mchezo ni sehemu ya kazi yenyewe: ndiyo inayomvua mwigizaji vazi mbele ya mashahidi na kumrudisha kwa watu wake. Yaya alitoka kwenye sanaa iliyokuwa na dawa yake ndani, akaingia kwenye sanaa isiyo na dawa hiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba sasa itabidi itengenezwe kwa mkono.

Familia ilitoa masharti, na yalikuwa ya busara kuliko mkataba wetu. Vipande vyote vyenye picha ile vifutwe mbele ya mume. Kuku mweupe na kikwembe kipya, kwa shangazi atakayemwosha Yaya. Kilio kipigwe upya kwa picha ya mtu mwingine aliyekubali kwa kinywa chake. Nguo ya ujane ibaki kazini na isivuke kizingiti cha nyumba. Na siku ya mwisho ya tukio la kilio, wale wanawake arobaini wawepo, Yaya ainuke mkekani mbele yao, avue kitambaa, na yule mtu wa kwenye picha aje kwa miguu yake awasalimie mmoja mmoja.

Mwongozaji alipinga sharti la kwanza, nami namwelewa. Alijua alichokuwa nacho kwenye kamera ile. Alisema angeweza kuificha picha kwa ukungu, kukata pembeni, kubadili sura kwa kompyuta. Mume alikataa: kilichoonwa kimeonwa, na sauti ya jina lake imo. Siku ya tano asubuhi alikuja na mdogo wake, akaonyeshwa skrini ndogo, akaona mke wake anavyomlilia. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa kuashiria wafute, wakafuta.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliamini wakati ule, na ninaamini leo, kwamba ilikuwa haki kufuta. Bado inaniuma. Kipande cha pili kilipigwa mbele ya picha ya mwenzetu wa kikundi, mwanamume asiye na mke wala mtoto, aliyekubali kwa moyo mweupe. Yaya alilia vizuri, kama fundi. Kwenye filamu iliyokamilika wameweka sekunde chache tu, wakimwonyesha kwa mgongo. Watu watakaomtazama hawatajua kamwe alichoweza.

Jioni ya kuinuka ilikuwa tofauti. Alisimama, akavua kitambaa, na wale wanawake ambao siku chache nyuma walipeleka habari za kifo walipiga vigelegele mpaka jenereta halikusikika. Mwenzetu wa kwenye picha alipita akiwashika mikono. Mume alisimama mlangoni mwa ua, akamchukua mke wake, wakaenda nyumbani kwa miguu, ingawa gari lilikuwepo.

Makosa yangu nayajua. Nilimweleza mume kila kitu kuhusu mwili wa mke wake, nani atamgusa na nani hatamgusa, nikadhani heshima yake inaishia hapo. Sikumwambia hadithi. Tangu wakati huo, kabla sijaonyesha karatasi yoyote, ninaisimulia hadithi nzima kwa familia, tangu mwanzo hadi mwisho, nikitaja nani anakufa, nani anaugua, nani anapagawa, na kwa jina gani. Huchukua jioni nzima. Mara mbili familia zimekataa, na mara moja mwandishi amekubali kubadilisha jina la marehemu. Pia hakuna kitu cha nyumbani kwa mwigizaji kinachoingia mbele ya kamera, hata kikombe.

Kuhusu sheria: kifungu kile cha 448 kilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na sasa wanandoa wote wawili wanatakiwa kukubaliana, mke kwa mume na mume kwa mke. Nilifurahi, na nafurahi bado. Kanuni ya zamani ilimweka mwanamke mwenye ufundi wa miaka ishirini mahali pa mtoto anayeombewa ruhusa, na katika kisa hiki ilifanya jambo baya zaidi: ilitupa sisi sote tabia ya kuzungumza na mume kuhusu Yaya huku Yaya yuko jikoni. Kama ningekaa na wote wawili pamoja, yeye mwenyewe angesema neno mjane, na mume angeuliza maswali yake palepale. Lakini sheria mpya haiwezi kukuambia uulize picha imetoka kwa nani.

Malipo ya awamu ya tatu yalifika baada ya miezi kumi na minne na barua nyingi. Hatukuwa na nguvu ya kudai zaidi. Nchi ina amri-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za waandishi na haki za wasanii waigizaji, lakini mkataba wetu ulikuwa umeuza kila kitu kwa mara moja, na ni mimi niliyeusoma ukurasa ule nikaona ni wa kawaida. Yaya alirudi jukwaani. Aliitwa tena kwenye filamu mbili, akakataa moja, ya pili akaikubali kwa sharti kwamba hatakufa wala kufiwa na mtu. Jumamosi anafundisha wasichana, na somo lake la kwanza ni namna ya kuamka baada ya kufa: taratibu, mkono kwanza, macho kwa watu.

Nakala ya filamu ilinifikia mwaka 2014 kwenye diski, nikaipeleka kwao. Tulitazama watatu sebuleni. Picha ya 1989 ilikuwa imerudi kwenye msumari wake. Kando yake kulikuwa na mpya, ya mume na mke, wamesimama shambani kwenye mahindi.

Kipande cha kilio kilipopita, mume alingoja, kisha akauliza kama ndicho hicho tu. Nikasema ndicho. Akakaa kimya mpaka filamu ikaisha na majina yakapanda. Akamgeukia mke wake na kumwomba, kwa sauti ya chini, amfanyie kidogo kile cha kwanza, kile kilichofutwa, asikie tena alivyomwita.

Yaya akainuka kuzima televisheni. "Hapa mu nyumba, hapana," akamwambia, akaenda kuleta chai.